Mpangaji asiyelipa kodi: mwenye nyumba afanye nini?

Bismillahir Rahmanir Rahim

KHUTBA YA KWANZA



Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyetujaalia nyumba zetu kuwa mahali pa utulivu. Tunamshukuru, tunamwomba msaada na tunamwomba msamaha. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, masahaba wake na wote wanaowafuata kwa wema mpaka siku ya malipo. Ninawausia nyinyi na ninaiusia nafsi yangu kumcha Mwenyezi Mungu, kwa siri na kwa wazi, msikitini na sokoni, na katika mali tunayodai na tunayodaiwa.

Ama baad. Leo tuzungumze jambo ambalo halisemwi sana juu ya mimbari, nalo linatusumbua kila mwisho wa mwezi. Ni kodi ya nyumba. Huenda katika safu tulizozipanga leo yupo mwenye nyumba na mpangaji wake, wamesimama bega kwa bega, na mmoja anamdai mwenzake miezi mitano. Wanasema “amin” kwa sauti moja. Salamu ikishatolewa, kila mmoja anatafuta mlango wake ili wasikutane. Mwenye nyumba anajiuliza: mtu huyu nimfanye nini? Mpangaji anajiuliza: leo nipite njia gani ili asinione?

Ndugu zangu, dini yetu haikumwacha mwenye nyumba bila njia, wala haikumwacha mpangaji bila ulinzi. Katika sura ya An-Nisaa, aya ya 135, Mwenyezi Mungu ametuamrisha kusimamisha uadilifu, awe mtu tajiri au awe fukara, bila kufuata matamanio yetu. Kwa hiyo leo hatutampendelea mwenye nyumba kwa sababu ana mali, wala hatutampendelea mpangaji kwa sababu ni maskini. Tutaangalia haki iko wapi.

1. Kodi ni haki ya mwenye nyumba

Kupangisha nyumba ni mapatano ya halali. Mpangaji amenunua manufaa ya kukaa, na mwenye nyumba amestahiki malipo. Anayelala mwezi mzima chini ya bati la mtu amekwisha kula alichokinunua. Na sura ya Al-Maida inaanza kwa amri ya kutimiza mapatano. Basi mtu asiseme: “Yule ana nyumba tatu, atakufa njaa kwa kodi yangu?” Haki ya mtu haipungui kwa sababu anazo haki nyingine.

Tena si kila mwenye nyumba ni tajiri. Tunawajua wamama wajane walioachiwa vyumba viwili uani, na kodi ya vyumba hivyo ndiyo unga na ndiyo karo ya shule ya watoto. Tunawajua wazee waliofanya kazi miaka mingi, pensheni haikuja, na nyumba ya matofali waliyoijenga kidogo kidogo kwa miaka kumi ndiyo pensheni yao. Ukimnyima mzee kama huyo kodi yake, umemnyima chakula.

Wakati wa Mtume (s.a.w.) alikuja mtu kumdai ngamia wake, akasema kwa ukali. Masahaba wakataka kumshughulikia. Mtume akawazuia, akawafundisha kwamba mwenye haki ana nafasi ya kusema. Kisha akaamrisha mtu huyo alipwe ngamia, na walipokosa wa umri ule ule, akaamrisha apewe aliye bora zaidi. Habari hii imo katika Bukhari na Muslim. Basi wewe mpangaji, mwenye nyumba akija kukudai usimwite adui. Amekuja kwa haki yake.

2. Wadaiwa ni wa namna mbili

Hapa ndipo wengi tunapokosea, na jambo hili ndilo kichwa cha khutba ya leo. Mwenye nyumba anaona mlango mmoja na deni moja. Lakini nyuma ya mlango ule anaweza kukaa mtu asiye na kitu, au anaweza kukaa mtu aliye nacho ila hataki kutoa. Hukumu zao hazifanani hata kidogo.

Kwa yule asiye na kitu, Mwenyezi Mungu ametoa hukumu katika sura ya Al-Baqara, aya ya 280: angojewe mpaka apate wepesi, na kumwachia deni liwe sadaka ni bora zaidi kwetu kama tungejua. Angalieni, kumngojea aliyebanwa si fadhila ya mtu mwenye moyo mzuri tu. Ni amri. Kumsamehe ndiyo fadhila.

Kwa yule aliye nacho akachelewesha, Mtume (s.a.w.) amefundisha, katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kwamba kuchelewesha kwake ni dhuluma. Hakusema ni uvivu au usahaulifu. Ni dhuluma, na dhuluma ni giza siku ya Kiyama.

Utawajuaje wawili hawa? Huwezi kuwajua kwa hasira wala kwa maneno ya majirani. Utawajua kwa kuuliza. Masahaba walituonyesha namna ya kuuliza. Abul-Yasar (r.a.) alikuwa anamdai mtu fulani, akaenda nyumbani kwake. Akaambiwa hayupo. Kisha akatoka mtoto mdogo wa yule mtu, na mtoto hajui kuficha: akasema baba ameisikia sauti yako akajificha ndani, kwenye kitanda cha mama. Abul-Yasar akamwita, akamwuliza kilichomfanya ajifiche. Yule mtu akaeleza kwamba alikuwa katika dhiki, na aliogopa kumwambia uongo au kumpa ahadi ambayo hataitimiza, naye ni sahaba wa Mtume. Abul-Yasar akamwapisha kwa Mwenyezi Mungu kama ni kweli yuko katika dhiki. Akaapa. Ndipo akaitaka karatasi ya deni akalifuta kwa mkono wake, akamwambia akipata alipe, na asipopata basi yuko huru. Kisha akasimulia aliyoyasikia kwa Mtume (s.a.w.), kwamba anayemngojea mwenye dhiki au anayemwachia deni, Mwenyezi Mungu atamtia katika kivuli chake. Habari hii imo katika Sahihi Muslim.

Tuitazame vizuri. Kulikuwa na deni, kulikuwa na uongo mlangoni, na kulikuwa na mtu mzima kajificha kitandani. Wengi wetu tungesema ushahidi umetosha, huyu ni mwizi. Abul-Yasar alimwita, akauliza sababu, akataka kiapo, kisha ndipo akahukumu. Kujificha kwa mpangaji hakuonyeshi kila mara kwamba ana pesa. Mara nyingi ni aibu tu.

Na katika nchi yetu dhiki hazihitaji kutafutwa. Tarehe 22 Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ililipuka, na familia nyingi za upande wa Goma zikapoteza nyumba usiku mmoja. Mwanzoni mwa mwaka 2025, vita vilipofika Goma na Bukavu, mabenki yalifungwa, na hata mtu aliyekuwa na akiba benki hakuweza kuifikia. Mwalimu asiyelipwa, mama aliyenyang'anywa bidhaa zake njiani, baba aliyepokea jamaa wanane waliokimbia kijiji: hao ndio wenye dhiki. Lakini anayesema “sina” mwezi wa tano, na mwezi wa sita akanunua pikipiki mpya au akafanya arusi ya vipaza sauti siku mbili, huyo ajiulize mwenyewe yuko katika hukumu ipi.

3. Kabla ya kubisha hodi, piga hesabu

Aya ya 282 ya Al-Baqara inatuamrisha kuandika madeni na kuweka mashahidi. Wengi wetu tunapangisha kwa mdomo kwa sababu “ni ndugu yetu wa msikitini”. Hatimaye mmoja anakumbuka miezi saba na mwingine anakumbuka miezi mitano, na wote wawili wanaapa. Andikeni kontra. Andikeni kila malipo katika daftari mbili, la mwenye nyumba na la mpangaji, na wote wawili watie saini.

Kisha hesabu iwe kamili. Garanti aliyokupa siku ya kuingia si zawadi. Ni mali yake iliyo mkononi mwako, hata kama umekwisha kuijengea choo. Mkifika kuachana, ni lazima ihesabiwe. Vilevile ukimruhusu atengeneze paa kwa pesa zake mpunguziane baadaye, hiyo nayo ihesabiwe. Tuchukue mfano: kodi ni dolari 30, amekaa miezi 7 bila kulipa, hizo ni dolari 210. Garanti ilikuwa ya miezi 3, yaani dolari 90. Paa alilitengeneza kwa dolari 15 kwa idhini yako. Mkiachana leo, deni lake ni dolari 105. Ukitangaza mtaani kwamba anakula dolari 210 zako, umemsingizia nusu nzima.

Na jambo zito zaidi: usiongeze kitu juu ya deni kwa sababu ya kuchelewa. Wapo wanaosema, “Kila wiki utakayochelewa, uongeze dolari tano.” Ndugu yangu, kodi ya mwezi uliokwisha imekwisha kuwa deni. Kuliongeza deni kwa sababu ya muda ndiyo riba iliyoharamishwa. Ukitaka kupandisha kodi ya miezi inayokuja, mwambie mapema, akubali au ahame. Ya miezi iliyopita haipandi.

4. Njia zako kwa mpangaji mwenye dhiki

Ukishajua kwamba hana, mbele yako kuna njia tano, na zote ni halali.

Ya kwanza ni kumpa muda. Muda uwe na tarehe, uandikwe, usiwe “tutaona”. Muda usio na tarehe huzaa ugomvi mwingine.

Ya pili ni kupokea kidogo kidogo. Anayeshindwa dolari 105 kwa mara moja anaweza kutoa 10 kila mwezi. Pokea, andika, shukuru.

Ya tatu ni kumpunguzia, na ya nne ni kumsamehe deni lote. Hizi mbili ni sadaka, na hakuna wa kukulazimisha. Ukisamehe, samehe kweli. Usije ukamkumbusha mbele ya watu kila mnapogombana, kwa maana masimbulizi yanaibatilisha sadaka, kama tulivyofundishwa katika sura hiyohiyo ya Al-Baqara. Na lipo swali ambalo wenye nyumba huuliza: je, nikimsamehe kodi naweza kuihesabu kuwa zaka yangu? Wanazuoni wengi wamesema hapana, kwa sababu zaka ni kutoa mali ikamfikia mtu mkononi, na kufuta deni si kutoa. Lakini ikiwa ni mhitaji, unaweza kumpa zaka yako kama unavyompa mhitaji mwingine, bila sharti lolote. Akiamua mwenyewe kukulipa deni kwa pesa hizo, hakuna ubaya.

Ya tano ni kuachana kwa wema. Hapa wenye nyumba wengi wana wasiwasi, basi tuliseme wazi. Amri ya kumngojea mwenye dhiki ni juu ya deni lililopita. Haikulazimishi umkalishe bure miaka yote inayokuja. Kama wewe nawe unategemea kodi ile, unaruhusiwa kumpa taarifa ya kuondoka, kwa muda wa kutosha kutafuta mahali pengine, ukaandika deni lake, ukamngojea huko aendako. Ahame mchana, na vitu vyake vyote, na heshima yake.

5. Njia zako kwa mpangaji mwenye uwezo asiyetaka

Huyu naye usimpige. Panda ngazi hatua kwa hatua. Mwambie faraghani kwanza. Akikataa, mwambie mbele ya mashahidi wawili. Akikataa, mwite kwa wazee wa msikiti au kwa imamu, kwa kuwa Waislamu ni ndugu na tumeamrishwa kuwapatanisha ndugu, kama ilivyo katika sura ya Al-Hujurat. Akikataa, nenda kwa shefu wa avenyi na shefu wa kartye. Kisha kuna ofisi ya makazi ya komini, ile watu wanayoiita Abita, ambayo huwaita pande zote mbili na kujaribu kuwapatanisha. Wakishindwa, kuna mahakama ya amani.

Baadhi yetu tunadhani kwenda mahakamani ni kumdhulumu Mwislamu mwenzako. Sivyo. Kudai haki yako mbele ya hakimu si dhambi. Dhambi ni kudai kisicho chako, au kumpa hakimu rushwa ili akupe kisicho chako. Nchi yetu ina sheria ya nyumba za kupanga, namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015. Katika sheria hiyo garanti ya nyumba ya kuishi haizidi miezi 3, na ya nyumba ya biashara haizidi miezi 6. Basi wewe unayetaka garanti ya miezi 10 kwa nyumba ya kuishi, kisha unasimama kudai sheria imtoe mpangaji wako, anza na nafsi yako.

6. Yasiyoruhusiwa kwa yeyote kati ya hao wawili

Sasa tunakuja kwenye yale yanayotuaibisha mbele ya Waislamu na wasio Waislamu.

Usiondoe mabati wala mlango ili mvua imtoe mtu. Ndani mna watoto, na watoto hawakufanya mapatano na wewe. Usikate maji wala umeme wake. Usitie kufuli lako mlangoni akiwa kazini. Usichukue godoro, televisheni wala sufuria zake kuwa malipo, kwa maana mali ya mtu haichukuliwi ila kwa ridhaa yake au kwa hukumu. Usimtafute askari umlipe aje kutupa vitu barabarani bila karatasi ya mahakama.

Usiingie nyumba yake bila idhini. Utasema: “Ni nyumba yangu!” Kuta ni zako, ndiyo. Lakini muda anaokaa kwa mapatano, sitara ya nyumba ile ni yake, na sura ya An-Nur, aya ya 27, imetukataza kuingia nyumba zisizo zetu za kukaa mpaka tuombe ruhusa na tuwasalimie waliomo. Mwanamke aliye ndani ya nyumba ile ana sitara yake hata kama mume wake anadaiwa mwaka mzima.

Na usimwombe mke wala binti wa mpangaji jambo la haramu badala ya kodi. Tunalisema kwa sababu linatokea. Anayefanya hivyo hana tena haki ya kusema yeye ni mwenye kudai. Amekuwa mwenye kudaiwa, na atakayemdai ni Mola wake.

7. Na wewe mpangaji

Usifurahi ukadhani khutba ya leo ni yako. Mtume (s.a.w.) alikuwa akiomba sana kinga ya Mwenyezi Mungu dhidi ya deni. Alipoulizwa sababu, alieleza kwamba mtu akiwa na deni huzungumza akasema uongo, na huahidi akavunja ahadi. Bukhari na Muslim wameipokea. Je, si ndiyo hali yetu? “Nitakuona Jumatatu.” Jumatatu simu imezimwa.

Kama huna, nenda kwa mwenye nyumba wewe mwenyewe kabla hajaja. Mwambie: nimekwama, sababu ni hii, nitatoa hiki, tarehe hii. Maneno hayo hayapunguzi deni hata faranga moja, lakini yanakuweka katika hukumu ya mwenye dhiki, siyo katika hukumu ya mwenye dhuluma. Ukipata kidogo, toa kidogo. Ukiona nyumba imekushinda, tafuta iliyo ndogo zaidi kabla deni halijakua. Usitoroke usiku na funguo. Kutoroka hakufuti deni. Kunalihamisha tu, kutoka kwa mwenye nyumba kwenda kwenye kaburi lako.

Salama bin Al-Akwaa (r.a.) amesimulia, katika Bukhari, kwamba ililetwa maiti mbele ya Mtume (s.a.w.) ili aisalie. Akauliza kama marehemu ameacha mali. Wakasema hapana. Akauliza kama ana deni. Wakasema dinari tatu. Akawaambia wamsalie wao. Ndipo Abu Qatada (r.a.) akasema deni lile liwe juu yake, na Mtume akamsalia. Dinari tatu tu, ndugu zangu! Wewe unayedaiwa miezi minane, umemwambia nani nyumbani kwako kwamba deni lipo na limeandikwa wapi?

Ninasema haya, na ninamwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa ajili yangu na yenu. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe, Mwenye kurehemu.

KHUTBA YA PILI

Alhamdulillah. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.).

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, ugomvi wa deni umewahi kuingia mpaka ndani ya msikiti wa Mtume mwenyewe. Kaab bin Malik (r.a.) alimdai Ibn Abi Hadrad (r.a.) deni lake ndani ya msikiti, sauti zao zikapanda mpaka Mtume (s.a.w.) akazisikia akiwa chumbani mwake. Akatoka, akafunua pazia, akamwita Kaab. Akamwonyesha kwa ishara ya mkono apunguze nusu. Kaab akakubali papo hapo. Kisha Mtume akamgeukia mdaiwa, akamwamuru ainuke alipe iliyobaki. Bukhari na Muslim wameipokea.

Tazameni ilivyokwisha. Mwenye kudai aliombwa aache kitu. Mwenye kudaiwa hakuambiwa “nenda kwa amani”. Aliambiwa inuka ulipe. Kila mmoja alibeba sehemu yake. Sulhu inayombebesha mtu mmoja peke yake haidumu.

Nawasimulieni jambo moja lililofika mbele ya wazee wetu, na majina tunayaficha. Mama mjane alikuwa na mpangaji, mwalimu wa shule, mwenye mke na watoto wanne. Miezi minane hajalipa. Kodi ilikuwa dolari 20. Vijana wa yule mama walikwisha panda ngazi kuondoa mabati, na ilikuwa majira ya mvua. Mama akawaambia washuke, akaja msikitini baada ya Isha.

Wote wawili wakaitwa. Mwalimu mwanzoni alinyamaza. Kisha akasema ukweli: katika miezi ile alilipwa mara mbili, pesa yote ikaenda hospitali kwa mtoto, naye akaona haya kumweleza mama kwa sababu alikwisha kumwahidi mara tatu. Mama naye akasema ukweli wake: alikuwa anakopa unga dukani, na mwenye duka amekwisha kumkatalia. Mle chumbani hakukuwa na tajiri.

Hesabu ikapigwa. Dolari 160, kutoa garanti ya dolari 40, zikabaki 120. Mama akasamehe 40. Hakuweza zaidi, na hakuna aliyemlaumu. Mwalimu akauza redio yake, akaleta 20. Zikabaki 60, akaahidi 10 kila mwezi, ikaandikwa na wakatia saini. Mwisho wa muhula akahamia chumba cha bei ndogo. Yule mwalimu hajamaliza kulipa mpaka leo. Kuna mwezi alileta 10, kuna mwezi alileta 5 akaja mwenyewe kueleza. Lakini wanasalimiana, na watoto wake bado wanamwita yule mama bibi.

Ndugu zangu, mambo hayakuwa mazuri sana katika kisa hiki. Mama alipoteza dolari 40 alizozihitaji, na mwalimu alipoteza nyumba. Lakini bati halikuondolewa, uongo ulikwisha, na hakuna aliyebeba dhuluma kwenda nayo kwa Mola wake. Hicho ndicho tunachoweza kupatiana sisi kwa sisi katika dunia hii ya shida.

Na sisi wengine tusiodai wala kudaiwa, tuna sehemu yetu. Katika sura ya At-Tawba, aya ya 60, miongoni mwa wanane wanaopewa zaka wamo waliolemewa na madeni. Zaka zetu zikikusanywa vizuri zinaweza kuzuia familia isitolewe nje, na wakati huohuo zikampa mama mjane unga wake. Mwenye uwezo amdhamini ndugu yake kama Abu Qatada alivyodhamini. Asiye na uwezo wa pesa asaidie kutafuta chumba, abebe mizigo siku ya kuhama, apatanishe. Na asiyeweza hayo yote, asipeleke maneno.

Wewe mwenye nyumba, ukumbuke habari aliyotupa Mtume (s.a.w.), iliyomo katika Bukhari na Muslim, ya mtu aliyekuwa akikopesha watu na kuwaagiza vijana wake wamwachie aliye na dhiki, akitumaini kwamba Mwenyezi Mungu naye atawaachia. Alipokutana na Mola wake, akaachiwa. Sisi sote tunakaa katika ardhi ya Mwenyezi Mungu, tunapumua hewa yake, na shukrani tunayodaiwa hatujailipa hata ya siku moja. Hakutuondolea bati.

Ewe Mwenyezi Mungu, tunakuomba utukinge na huzuni na unyonge, na mzigo wa deni na kushindwa na watu. Ewe Mola wetu, walipie madeni wenye madeni, na uwape wenye kudai subira na badala iliyo bora. Uwarudishe makwao waliokimbia vita, uwajengee walioangukiwa na nyumba, uwaponye wagonjwa wetu na uwarehemu marehemu wetu. Uipe nchi yetu amani, mashariki na magharibi. Utufanye tuwe wenye kutimiza mapatano, na usitufishe hali ya kuwa tumeshika haki ya mtu. Amin.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, simameni kwa sala.

TANGAZO: Mwenye kudai au kudaiwa kodi ya nyumba anayetaka kupatanishwa aonane na imamu au wazee wa msikiti baada ya sala. Mlete daftari zenu. Siri za watu zitahifadhiwa.

Karatasi hii ina majina ya Mwenyezi Mungu. Usiitupe ovyo wala usifungie bidhaa. Usiisome wakati imamu yuko mimbarini. Ukimaliza kuisoma, mpe jirani yako, hata kama jirani huyo ndiye mwenye nyumba wako.